"Kaa tu, Mama": Upendo unaowaangusha wazee wetu

Ukitaka kujua hali ya mzee wa Upanga, Dar es Salaam, mtazame anaposhuka ngazi. Maghorofa mengi ya zamani ya huku, yale ya orofa tatu au nne, hayana lifti. Mengi yalijengwa miaka ya 1950 na 1960, na baadhi yakataifishwa mwaka 1971, yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Walioyahamia wakiwa vijana wa kupanda vipandio viwili viwili sasa ni mabibi na mababu. Mkono mmoja unapapasa ukuta uliochubuka rangi usawa wa kiuno, mwingine umeshika kikapu. Mguu unatangulia, mwenzake unaufuata kwenye kipandio kilekile, mwenyewe anavuta pumzi, anaendelea. Penye kona taa imeungua. Hapo anapima kwa unyayo kabla ya kukanyaga.

Wanawe wakimwona hivyo, roho zinawaruka. "Kaa tu, Mama, kila kitu utaletewa." Kuanzia siku hiyo dada wa kazi ndiye anayekwenda sokoni Kisutu au Kariakoo kununua mchicha na samaki, mjukuu anafuata dawa, na chai inamfuata mzee kwenye kochi. Majirani wanasifu: alilea, sasa analelewa. Nani atalaumu?

Miguu ndiyo inayolaumu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu. Kwa wastani walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Mzee wetu hakulazwa, lakini kochi na televisheni hufanya kazi hiyohiyo polepole. Siku atakayolazimika kushuka, kwa msiba au kwa kliniki, atashuka na miguu ambayo si ile ya mwaka jana.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na walio hatarini zaidi ni wazee. Kwetu, Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 wenye miaka 60 na zaidi. Ile ya 2022 ikahesabu takriban milioni 3.5. Idadi inapanda, lakini mzee akidondoka nyumbani bado tunasema "ni uzee tu", tunamchua, yanaisha.

Uzee peke yake haumwangushi mtu. Fuata safari moja ya chooni saa nane usiku. Mzee anakunywa dawa ya presha inayotoa maji mwilini, kwa hiyo lazima ataamka. Anainuka kwa haraka, presha inashuka ghafla, kichwa kinazunguka. Ana mtoto wa jicho, na umeme umekatika. Kisukari kimemtia ganzi nyayoni, hajui kama amekanyaga kapeti au ncha ya waya wa feni. Kandambili zimelika soli. Vigae vya bafuni bado vina utelezi wa sabuni ya jioni, na mahali pa kujishika ni bomba la maji lililolegea. Ukiondoa jambo moja au mawili katika hayo, huenda angerudi kitandani salama.

Akiangukia ubavu, nyonga ndiyo inayoathirika. Hospitali ya kumtibu haiko mbali: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iko hapahapa Upanga. Nyonga iliyovunjika kwa kawaida huhitaji upasuaji, ama wa kuunga mfupa kwa vyuma ama wa kuweka kiungo bandia, na unatakiwa ufanyike mapema. Familia nyingine huanzia kwa waunga mifupa wa kienyeji, siku zikapotea. Mzee anayeachwa amelala hukaribisha vidonda vya mgongo, homa ya mapafu na damu kuganda. Na hata kati ya waliopasuliwa vizuri, wengi hawarudii mwendo wao wa zamani.

Madaktari wana njia ya kupima kujitegemea. Mwaka 1963 Sidney Katz na wenzake huko Marekani walitaja mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula kwa mkono wako. Katz aliona kuwa uwezo huo hupotea kwa utaratibu: kuoga huanza, kula hubaki mwisho. Baadaye zikaongezwa kazi ngumu zaidi kama ununuzi, upishi, simu na kutunza fedha. Watafiti waliofanya kazi na wazee wa Hai, Kilimanjaro, waligundua kuwa maswali ya Ulaya na Marekani hayakuwatosha watu wa kule, wakatengeneza yao.

Upanga nayo ingekuwa na orodha yake. Je, anaweza kupandisha ndoo ya maji mabomba yanapokauka? Anavuka Barabara ya Umoja wa Mataifa bila kushikwa mkono? Akisujudu, anainuka mwenyewe? Akikaa mkekani msibani, atasimama bila kuvutwa? Kila jibu la "ndiyo" ni mazoezi anayoyafanya bila kulipia. Kila "kaa tu" inafuta moja.

Faida ya mazoezi imepimwa. Mapitio makubwa ya mwaka 2019, yaliyojumlisha tafiti zaidi ya 100, yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza matukio ya kuanguka kwa asilimia 23. Huko Australia, Lindy Clemson na wenzake waliyatia mazoezi ndani ya shughuli za nyumbani: kusimama kwa mguu mmoja unapoosha vyombo, kukunja magoti unapookota kitu, kunyanyuka kitini bila kutumia mikono. Katika matokeo yao ya mwaka 2012, kuanguka kulipungua kwa asilimia 31.

Unaweza kumpima mzee wako mwenyewe. Mkalishe kwenye kiti imara, asimame, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Kaa karibu naye asije akayumba. Akitumia sekunde 12 au zaidi, mpeleke kwa fiziotherapia. Huko atafundishwa pia kwamba mkongojo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima, na kwamba kupanda unaanza na mguu wenye nguvu, kushuka unaanza na mbovu.

Kisha tengeneza nyumba. Gerezani, Kariakoo, fundi wa kuchomelea anaweza kukukatia kipande cha bomba la kukaa vizuri kiganjani, akakichomelea sahani mbili za kufungia ukutani. Hakikisha skurubu zimeingia kwenye tofali, kwa maana chuma kinachochomoka kwenye plasta ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Penye choo cha kuchuchumaa, wengi hutoboa kiti kigumu cha plastiki na kukiweka juu ya tundu. Kiti cha pili kiwe cha kuogea, ndoo ikiinuliwa juu ya kigoda ili asiinamie kila kopo. Tochi ya chaji ikae mkono unapofikia kitandani. Mikeka inayojikunja pembeni iondoke.

Lakini ngazi za pamoja si za familia moja. Kufunga mikono ya kushikia pande zote mbili na kubadilisha taa iliyoungua ni wajibu wa mwenye jengo na kamati ya wapangaji. Vivyo hivyo mtaani: mifuniko ya mitaro iliyopotea, magari yaliyoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, bodaboda zinazokatiza hapohapo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na vituo vya mwendokasi vilivyoanza kazi mwaka 2016 vimeonyesha kuwa mtu anaweza kuingia kwenye basi bila kupanda kipandio. Kama inawezekana pale kituo cha Fire, inawezekana pia kwenye mlango wa jengo lako.

Wiki hii muulize mzazi wako: mara ya mwisho ulianguka lini? Wengi huficha, kwa kuwa wameona jirani aliyesema akanyang'anywa funguo za mlango na kukatazwa kushuka. Akikujibu, muulize ni wapi na saa ngapi, rekebisha mahali hapo, mpeleke akapimwe macho na dawa zake zikaguliwe. Usimfungie ndani. Mzee anayejua kwamba kusema ukweli hakutamponza atasema mapema, nyonga ikiwa bado nzima.