Kapita na kaske yake

Wandugu, Doctor Who ni hadithi ya televisheni ya Uingereza, wengi wanasema ni ya watoto. Sisi watu wa mgodi tuangalie ile ya 1964. Doctor, msafiri wa wakati, anafika London ya karne ya 22: Daleks, viumbe wa nyota ingine ndani ya mashini za vita, wamekwisha kukamata dunia. Kule Bedfordshire wanachimbisha watu shimo, juu wanataka kutoa moyo wa dunia na kuweka moteri pale, waiendeshe sawa motokari!

Na makapita ni nani? Ni watu, kaske ya chuma kwa kichwa, akili imefungwa. Mwishoni wanaamriwa kupiga Daleks, wanapiga. Ni amri tu. Wenye kuasi kwa akili yao ni wachimbaji.