Tairi likisugua fenda: Piga hesabu kabla ya kukunja bati

WAFANYABIASHARA wadogo wanaopeleka bidhaa Kwala kwa magari madogo wanabeba gharama moja ambayo wengi hawaiandiki kwenye daftari. Ni gharama ya tairi la nyuma linaloliwa na fenda kila gari linapotumbukia shimoni.

Dawa yake inafahamika kwa mafundi wa bodi: kukunja ukingo wa ndani wa fenda, au madigadi kama wengine wanavyoita, ili tairi lipate nafasi. Kazi hiyo inaweza kufanywa nyumbani. Hata hivyo, dawa hiyo inatibu ugonjwa mmoja tu. Anayeitumia kwa ugonjwa mwingine ananunua hasara kubwa zaidi.

Kwala, iliyoko wilayani Kibaha mkoani Pwani, ni kama kilomita 90 kutoka Dar es Salaam. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua bandari kavu ya hapo Julai 31, 2025, pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa treni ya SGR. Makontena yana malori na treni yake. Lakini vyakula, vinywaji, saruji ya mfuko mmoja mmoja na vipuri vya duka la mtaani hupakiwa kwenye gari dogo lililotoka Japani likiwa limeundwa kwa lami.

Kutoka Vigwaza, kwenye Barabara ya Morogoro, hadi Kwala njia ni ya zege. Ukiiacha na kuingia vijijini, unakutana na vumbi na mashimo. Hapo ndipo mwenye gari anapoamua kufunga tairi kubwa zaidi ili gari liinuke, na hapo ndipo kusugua kunapoanza.

Vipimo havidanganyi

Tuchukue tairi la 175/65R14 lililobadilishwa kuwa 185/70R14. Upana umeongezeka milimita 10. Kipenyo kimetoka milimita 583 hadi kama 615, yaani tairi limesogea karibu na fenda kwa milimita 16 hivi kwa juu. Gari tupu halitalalamika. Likipakiwa na kupita kwenye tuta, ukingo wa bati unagusa bega la tairi.

Aidha, tairi hilo linaongeza kama asilimia 5 kwenye mzunguko. Dashibodi ikionyesha kilomita 100, gari limekwenda kama 105. Anayepanga nauli, mafuta na sevisi kwa kutazama dashibodi tu anapaswa kulijua hilo.

Kuhusu fedha, tutumie mfano wa hesabu. Tuseme tairi moja ni Sh 150,000 na lingedumu kilomita 40,000. Matairi mawili ya nyuma yangegharimu Sh 300,000 kwa safari zote hizo. Kama kusugua kunayaua kila baada ya kilomita 10,000, mfanyabiashara atanunua matairi manane kwa Sh 1,200,000. Tofauti ya Sh 900,000 imetoka kwenye faida yake bila kelele.

Hiyo ni kabla ya kuhesabu tairi linalopasuka njiani. Ubavu uliochanwa na bati hauzibiki kama tundu la msumari, na ukipasuka gari likiwa kwenye mwendo, kinachopotea si mzigo peke yake.

Tafuta chanzo kwanza

Kabla ya kugusa bati, paka chaki kwenye bega la tairi na kwenye ukingo wa fenda, kisha pita njia yako ya kawaida na mzigo wako wa kawaida. Mahali chaki ilipofutika ndipo penye ugonjwa.

Kama imefutika kwenye bega la nje na kwenye ukingo wa juu wa fenda, kukunja kutasaidia. Kama ni upande wa ndani wa tairi, linagusa shokapu au springi, na fenda haina kosa. Kama tairi la mbele linasugua unapokata usukani hadi mwisho, mara nyingi linagusa plastiki ya ndani au bampa. Hapo pia kukunja ukingo hakusaidii.

Ugonjwa wa nne ndio unaowagusa zaidi wafanyabiashara: mzigo uliozidi au springi zilizochoka. Kila tairi limeandikwa namba ya uwezo wake ubavuni. Namba 82 maana yake ni kilo 475 kwa tairi moja, na 86 ni kilo 530. Katika kilo hizo umo uzito wa gari lenyewe, abiria na mafuta. Mwenye gari linalosugua kwa kuzidiwa akikunja fenda, atakuwa ameondoa kengele na kuuacha moto ukiwaka. Tairi litaendelea kupata joto, breki zitaendelea kuelemewa, na safari hii hakuna sauti ya kumwonya.

Kazi yenyewe

Ukingo unaozungumziwa ni bati lililokunjwa kuelekea ndani, upana wake kama sentimita moja hivi. Wajapani huuita "tsume", yaani ukucha. Baadhi ya magari ya mitumba huja ukucha huo ukiwa umekwishakunjwa na mwenye gari wa kwanza, hivyo pitisha kidole kabla ya kumlipa fundi.

Weka gari mahali pa tambarare, zuia matairi yanayobaki chini, inua kwa jeki na uliegemeze kwenye stendi imara. Usifanye kazi gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Fungua tairi, toa skrubu za plastiki ya ndani, osha tope lote na ukaushe.

Rangi baridi hupasuka, rangi yenye joto hukubali kupinda. Pasha ukingo kwa kifaa kinachopuliza hewa ya moto hadi mkono usiweze kutulia juu yake. Usitumie moto wa wazi, na uwe mbali na mpira wa breki.

Rola ya fenda hufungwa kwenye habu kwa bolti za tairi. Ipitishe polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukiongeza mkazo kidogo kidogo. Mzunguko wa kwanza ulaze ukingo kidogo tu, inayofuata iumalizie. Pasha upya kila mara. Anayetaka kumaliza kwa mzunguko mmoja ataitoa fenda ikiwa na mawimbi.

Wasio na rola hutumia mpini wa jembe uliozungushiwa kitambaa. Tairi likiwa limefungwa, mpini huchomekwa kati yake na ukingo, na gari husukumwa taratibu kwa mikono, mbele na nyuma. Njia hiyo ni ya bei rahisi lakini haina kipimo, na vidole visiingie kwenye nafasi hiyo kwa sababu yoyote.

Fenda ya mbele ni bati moja. Nyuma ni tofauti: bati la nje na la ndani yameunganishwa ukingoni, na katikati kuna gundi ya kuzuia maji. Ukikunja, gundi hiyo huweza kuachia. Maji na tope la masika vikiingia, kutu huanza mahali usipopaona. Kwa hiyo kazi ya nyuma haijaisha mpaka umesafisha, umepaka rangi ya kuzuia kutu na kuziba upya mwungano.

Kwa mnunuzi na mwekezaji

Anayenunua gari la kazi apitishe sumaku juu ya fenda. Isiposhika, kuna puti chini ya rangi, na puti haikunjiki. Itabanduka vipande. Ukingo uliolazwa vizuri si sababu ya kukataa gari, lakini mawimbi, nyufa za rangi na kutu ni sababu halali ya kushusha bei.

Kwa mwenye mtaji mdogo anayefikiria huduma hii kati ya Mlandizi na Kwala, rola moja hutumika kwa magari mengi. Ahakikishe inafunga bolti 4 za milimita 100 na bolti 5 za milimita 114.3, vipimo vinavyopatikana kwenye magari mengi madogo ya Kijapani. Jambo la pili ni uaminifu. Fundi anayemwambia mteja kuwa tatizo lake ni springi atakosa malipo ya siku hiyo, lakini mteja huyo atarudi.

Kwa ufupi, fenda ikunjwe ili kuokoa tairi lenye kipimo cha wastani na mzigo wa halali. Kwa gari lililozidiwa, dawa ya bei nafuu ni kushusha magunia mawili.