Msaada wa Nishati Safi: Mama, Piga Hesabu Kwanza



Siku hizi neno "msaada wa nishati safi" linazunguka sana sokoni na katika mikutano ya vikundi vyetu. Mmoja anasema Leta inagawa pano za jua bure. Mwingine anasema ni banki inayotoa. Wa tatu anauliza fomu inauzwa wapi. Ni vizuri tuelewe jambo hili pamoja, maana anayeelewa nusu ndiye anayeuziwa fomu ya uongo.

Tuanze na yaliyo ya kweli. Katika nchi yetu, karibu mtu 1 tu kati ya 5 ndiye anayepata umeme. Sheria ya 17 Juni 2014 ilifungulia makampuni ya watu binafsi kazi ya umeme. Sheria hiyo ndiyo pia iliyoweka ANSER, shirika la Leta lenye kazi ya kufikisha umeme vijijini na pembezoni mwa miji. Mwezi wa kwanza 2025, katika mkutano wa viongozi wa Afrika huko Dar es Salaam, Kongo iliahidi kwamba ifikapo 2030 watu 62 kati ya 100 watakuwa na umeme. Ahadi kubwa namna hiyo inaleta pesa, na ndiyo sababu tunasikia maneno mengi.

Lakini pesa hizo hazitembei namna tunavyowaza. Chini ya ANSER kuna mfuko unaoitwa Mwinda, neno la Kilingala lenye maana ya taa. Mfuko wa namna hii haumpi mama pesa mkononi. Unalipia kampuni sehemu ya bei ya mtambo wa jua au ya mbabula safi, ili mnunuzi mwenye uwezo mdogo alipe kidogo. Basi ukifika kwa muuzaji, uliza: "Bei hii imepunguzwa na msaada? Imepunguzwa franka ngapi?" Mwambie aandike jibu kwenye faktira.

Njia ya pili ni pesa za kusaidia biashara yenyewe. Tangu 2018, mradi wa PADMPME, wa dola milioni 100 za Banki ya Dunia, ulifanya kazi katika miji michache, na Lubumbashi yetu ilikuwamo. Watu walishindanisha mipango yao ya biashara, na washindi wakasaidiwa. Mwaka 2022 ulifuata mradi wa TRANSFORME, wa dola milioni 300. Kuna pia FOGEC, mfuko wa dhamana wa Leta uliowekwa 2020. Huo unasimama nyuma ya mkopaji mbele ya banki. Dhamana si zawadi: deni linabaki lako.

Sasa tuchukue kalamu. Mimi ni mwalimu, na hesabu hizi ni za darasa la sita. Tuseme mama mmoja anauza samaki tomsoni na maji baridi, na friji yake inatumia moteri ya esansi. Kila siku anachoma lita 3 kwa franka 3.000 kila lita, yaani 9.000. Kwa siku 26 za kazi, ni 234.000 kwa mwezi.

Tuseme mtambo wa jua pamoja na friji yake ni franka 3.600.000. Esansi haitanunuliwa tena, lakini betri itazeeka siku moja. Basi kila mwezi aweke 34.000 kwa ajili ya betri mpya. Zinabaki 200.000 za kulipia mtambo.

Msaada ukilipa theluthi moja, yaani 1.200.000, zinabaki 2.400.000. Mama atasema: "Ni miezi 12 tu, nimepona!" Asifurahi upesi. Tuseme anakopa pesa hizo zote kwa riba ya 3 kwa 100 kila mwezi, ikihesabiwa juu ya deni la mwanzo. Riba ni 72.000 kwa mwezi. Kwa miezi 12 atalipa 272.000 kila mwezi, wakati anazo 200.000 tu. Mwezi wa pili au wa tatu, pesa ya kununua samaki itaanza kuingia katika deni, na nyuma yake pesa ya masomo ya watoto.

Akiomba miezi 24, atalipa 172.000 kwa mwezi. Hapo anaweza. Lakini jumlisha: riba peke yake itakuwa 1.728.000. Msaada wa 1.200.000 wote umeliwa na riba, na zaidi.

Sasa tuone njia ya tatu. Mama huyu ni memba wa AVEC au wa likelemba. Kwanza anaweka akiba mpaka 1.200.000, kisha anakopa 1.200.000 tu. Kwa miezi 12 atalipa 136.000 kila mwezi, na riba yote ni 432.000. Zinabaki 64.000 kila mwezi za siku ya mvua, na mvua yetu tunaijua: kuanzia mwezi wa kumi na moja mawingu yanafunika jua siku nzima. Ndiyo maana, kabla ya kununua, muulize fundi kama betri itabeba friji siku mbili bila jua.

Hapo ndipo nguvu ya kikundi inapoonekana. Msaada unapunguza bei. Akiba ndiyo inayopunguza deni.

Sasa makaratasi. Biashara isiyo na jina haisaidiwi. Guichet Unique ndiyo mahali pa kuandikisha biashara. Sheria za OHADA, ambazo Kongo iliingia 2012, zinamruhusu mfanyabiashara mdogo kujitangaza kama "entreprenant", na tangazo hilo ni la bure. Weka pia daftari: kilichoingia, kilichotoka, kila jioni. Mpango wa biashara unaanzia katika daftari hilo.

Na wewe uliyeolewa, ujue haki yako. Zamani sheria ya jamaa ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kutia mkono kwenye mkataba. Sheria ya 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa bibi na bwana wanapaswa kupatana wote wawili wanapojifunga katika deni. Basi mume akitaka kukopa kwa jina la nyumba, naye azungumze nawe. Wekeni hesabu hii mezani mbele yenu wawili, kabla ya banki kuiona.

Mwisho, mtu akikuomba pesa ili akuandike kwenye orodha ya msaada, mwambie akupe risiti yenye muhuri wa Leta, na umlete kwenye mkutano wa kikundi aeleze mbele ya wote. Mwenye kazi ya kweli atakuja.

Juma hili, kila kikundi kichague mama mmoja mwenye biashara ya moteri au ya makala. Andikeni anachochoma kwa siku 7, kisha pigeni hesabu kama tulivyofanya hapa, kwa bei za kweli za sokoni kwenu.