Sahihi Mbili Mezani

Mama alishika kalamu kabla hajaambiwa asaini wapi. Mezani walikuwapo mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mwanasaikolojia wa shule na mwakilishi wa wilaya. Mkalimani alisikika kwenye simu. Mimi nilikuja kwa mwaliko wa mama mwenyewe, maana sheria inamruhusu mzazi kuja na mtu anayemfahamu mtoto. Katikati yetu zililala kurasa 18 za Kiingereza kuhusu mwanawe wa miaka tisa, aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na sasa yuko darasa la tatu Marekani. Alipoulizwa kama ana swali, alitikisa kichwa. “Walimu njo wanajua,” akasema.

Kwetu hiyo ni adabu. Pale mezani husomeka kuwa amekubali kila kitu.

Kurasa zile ni mpango wa elimu wa mtoto mmoja, ambao shuleni kila mtu huuita kwa herufi zake tatu, IEP. Chimbuko lake ni sheria aliyoitia saini Rais Gerald Ford tarehe 29 Novemba 1975. Kabla ya hapo shule za Marekani zilimpokea mtoto mmoja tu kati ya watano wenye ulemavu, na majimbo kadhaa yalikuwa na sheria za kuwafungia mlango. Leo shule ya umma inawajibika kutekeleza kilichoandikwa kwenye mpango. Kilichosemwa kwa tabasamu tu, kikaachwa bila kuandikwa, mzazi hana pa kukidai.

Kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa malengo. Rasimu ya kijana huyu ilisema: “Ataboresha usomaji wake.” Kutoka wapi hadi wapi? Akijifunza neno moja jipya mwaka mzima, lengo limetimia! Lengo lenye meno lingesema kwamba sasa anasoma kwa sauti maneno 32 sahihi kwa dakika katika kifungu cha darasa la pili, na ifikapo Mei atasoma 70, akipimwa kila wiki mbili na mwalimu wa elimu maalumu. Hata mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kuzifuata namba hizo. Mwaka 2017, katika kesi ya Endrew F., Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hoja kwamba maendeleo kiduchu yanatosha: mpango lazima ulenge maendeleo yanayolingana na hali ya mtoto.

Wazazi wengi huchanganya misaada ya darasani. Kuongezewa muda, kusomewa maswali ya hisabati kwa sauti, kupewa maandishi makubwa, kukalishwa mbali na kelele za mlangoni: hapo mtihani ni uleule, njia ya kuufikia ndiyo imelainishwa. Kupunguziwa mada au kupewa kazi ya darasa la chini ni jambo jingine kabisa, na katika majimbo mengine kijana anaweza kumaliza sekondari bila diploma ya kawaida. Uliza anapewa lipi. (Mtoto asiyehitaji kufundishwa kwa namna ya pekee, kama mwenye kisukari anayepaswa kupima sukari darasani, hulindwa na kifungu cha 504 cha sheria ya 1973, na karatasi zake ni chache.)

Linaloniuma zaidi ni lugha. Sheria inakataza kumhesabu mtoto kuwa na ulemavu kwa sababu tu Kiingereza hakijamkaa, na inataka apimwe kwa lugha itakayoonyesha anachokijua. Lakini nimeona pia kinyume chake: “Ni lugha tu, atazoea,” na miaka inakatika huku mtoto ana shida ya kweli. Dawa yangu ni swali moja kwa mzazi: kwa Kiswahili, anasimulia na kufuata maagizo kama ndugu zake walipokuwa na umri wake?

Nilimuuliza mama palepale. Aliweka kalamu chini. “Huyu? Ukimtuma vitu vitatu dukani, analeta kimoja. Dada yake alikuwa analeta vyote na chenji.” Mwanasaikolojia alianza kuandika haraka. Katika kurasa zote 18 hapakuwa na sentensi yenye uzito kama ile, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Sahihi zinazoombwa huwa mbili. Moja ni ya mahudhurio, ushahidi tu kwamba ulikaa kwenye kiti. Nyingine ni idhini, na bila hiyo huduma za mara ya kwanza haziwezi kuanza. Si lazima itolewe papo hapo. Mama alisaini ya mahudhurio, akakunja karatasi nyingine akazitia mkobani.

Wiki iliyofuata zilirudi. Mstari wa usomaji ulikuwa umezungushiwa wino mwekundu, na pembeni, kwa mwandiko wa binti yake mkubwa: “Maneno mangapi?”