Ncha ya Risasi Hudanganya

Ukipima risasi ulizojaza mwenyewe ukakuta ya kwanza ndefu, ya pili fupi, ya tatu katikati, usikimbilie skrubu ya dai, kile kifaa cha chuma kinachokalisha kichwa kwenye ganda. Wengi wanaoniita kwenye karakana zao huku Wisconsin wameshaikimbilia: wamekaza, wamelegeza, wamekaza tena, mpaka hawajui walianzia wapi. Mimi ni fundi mashine, mzaliwa wa Morogoro. Mchana nachonga vyuma kiwandani. Jioni, hasa Novemba ikikaribia na zile siku tisa za kuwinda kulungu kwa bunduki, nasuluhisha ugomvi wa majirani na risasi zao.

Sheria kwanza. Marekani, anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu. Akitaka kuifanya biashara ndipo anaihitaji. Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila kibali ni jinai, kwa hiyo msomaji wa Singida au Nakuru ayasome haya kwa kujua tu. Wanaofanya huku wanafuata unafuu wa bei na shabaha nzuri zaidi. Wengine, nadhani, wanapenda tu kubishana.

Risasi moja ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti ndani, na kichwa mdomoni. Kukalisha kichwa ni hatua ya mwisho. Presi, mashine ya mkono ya kujazia, inapandisha ganda ndani ya dai, na kipini kilichomo humo kinakisukuma kichwa kishuke shingoni mwa ganda. Kazi ya sekunde mbili, na ndiyo inayoleta malalamiko mengi kuliko zote.

Lalamiko kubwa ni urefu usiolingana, na mara nyingi kosa liko kwenye kipimo. Vichwa vingi vya kuwindia vina ncha laini ya madini ya risasi, ambayo hubonyea humo humo ndani ya boksi. Ukipima kutoka kitakoni hadi nchani, unapima mibonyeo hiyo. Kipini cha dai hakitakiwi kugusa ncha. Kinakishika kichwa ubavuni, pale kinapoanza kunenepa. Basi nawe pima hapo. Kuna bushi ndogo inayofungwa kwenye kalipa kwa kazi hiyo. Kesi nyingi huishia hapa: risasi zile zile zilizoonekana mbovu zinatoka sawasawa, na mwenyewe ananitazama kana kwamba nimefanya kiinimacho.

Zisipotoka sawa, angalia tofauti zinakwendaje. Kama kila risasi ni fupi kidogo kuliko iliyotangulia, kuna uchafu unaojengeka. Vichwa vya kusubu nyumbani hupakwa nta ya kulainisha, na nta hiyo huganda kwenye kipini na kusukuma kichwa kinachofuata chini zaidi. Fungua dai, safisha, kisha hakikisha nati yake haijalegea. Kama tofauti hazina mpangilio, kagua umbo la kipini. Vichwa virefu vyembamba vya siku hizi vinaweza kugonga ncha ndani ya kipini kilichochongwa kwa vichwa butu. Utaona ncha imepondwa. Dawa yake ni kipini kingine.

Na kama risasi ilikuwa sawa jana na leo imerefuka, baruti imejaa kupita kiasi na inakisukuma kichwa kirudi nje. Hili la kubana baruti lina historia Afrika. Mwaka 1956 Winchester ilitoa risasi ya .458 kwa ajili ya tembo na nyati. Kichwa chake cha gramu 32 kilikaa kwenye ganda fupi, baruti ikabaki imeshindiliwa chini yake. Baadhi ya risasi hizo zilipokaa muda mrefu, baruti iliganda bonge na kuungua vibaya, na wawindaji wakaanza kuzitilia shaka. Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959; baadaye alibuni .458 Lott, yenye ganda refu zaidi.

Vinyweleo vya shaba mdomoni mwa ganda vina maana moja: ukingo ni mkali na unakichuna kichwa. Usugue kwa ndani. Kwa ganda la bastola, panua mdomo kidogo. Bega la ganda likivimba, umekalisha kichwa na kubana mdomo kwa mvuto mmoja wa mkono wa presi wakati maganda hayalingani urefu. Yakate yalingane (ganda la .308 Winchester lisizidi milimita 51.18), halafu fanya kazi hizo mbili kwa hatua mbili.

Ninaloliogopa mimi ni kichwa kilicholegea. Bonyeza ncha kwenye ukingo wa meza kwa nguvu ya kidole gumba. Kikizama, risasi hiyo haifai. Huenda shaba imekuwa ngumu kwa kutumika mara nyingi, haishiki tena. Huenda pia kichwa si chake: .308 inatumia kichwa cha milimita 7.82, lakini risasi ya AK, inayoitwa 7.62, kwa kawaida inataka cha karibu 7.9.

Kuzama kunapunguza nafasi ya baruti, na shinikizo linapanda. Kitabu cha kampuni ya Speer kiliwahi kueleza jaribio la bastola ya milimita 9: vichwa viliposukumwa chini zaidi kwa robo tatu tu ya milimita, shinikizo lilitoka 28,000 hadi 62,000 kwa kipimo cha maabara cha siku hizo. Hiyo inatosha kupasua silaha mkononi. Upande wa pili nao una hatari yake, kwa sababu kichwa kinachotokeza hadi kugusa mikato ya mtutu nacho hupandisha shinikizo. Kwa hiyo urefu ufuate kitabu cha kichwa hicho hicho ulichonunua, wala si kauli ya jirani, hata jirani huyo nikiwa mimi. Na unapotegesha dai, tumia ganda tupu lisilo na fataki wala baruti.

Risasi iliyozama usijaribu kuivuta kwa koleo, wala usiipige kwa kuwa umebakiwa na moja. Ipo nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa, bei yake ndogo; inakurudishia kichwa, ganda na baruti. Kama huna nyundo hiyo, usianze kujaza.