Mjukuu Anapomkataa Bibi

Basi liliwafikisha Mombo adhuhuri, na kutoka hapo gari dogo likawapandisha milima ya Usambara hadi Lushoto. Mama alikuwa amempakata mtoto wake wa kwanza, mvulana wa miezi minane, aliyekuwa akipelekwa nyumbani kwa bibi mzaa baba kwa mara ya kwanza. Mkobani mlikuwamo kadi ya kliniki pamoja na daftari dogo. Katika daftari hilo mama alikuwa ameandika siku mtoto alipotabasamu, siku alipojigeuza kifudifudi, na siku alipokaa bila kuegemezwa. Habari hizo alizikusanya kama mtu awekavyo akiba, apate kuzitoa mbele ya wakwe.

Bibi alitoka uani huku akijifuta mikono kwa kanga. Alikuwa amekwisha kumwona mjukuu wake mara moja, alipotelemka Dar es Salaam mtoto akiwa na miezi mitatu, na safari ile mtoto alimtabasamia mchana kutwa. "Mume wangu, karibu kwako!" alisema, akamnyoshea mikono. Mtoto alimkazia macho, midomo ikamtetema, kisha akajificha kifuani mwa mama yake na kuangua kilio kilichosikika hadi kwa majirani. Bibi alirudi hatua moja. "Mume wangu leo amenikana," alisema huku akicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na raha. Shangazi mmoja akauliza kama ndiyo malezi ya mjini hayo. Mama alitahayari. "Nisamehe, mama," alisema, "hajapata kufanya hivi."

Kisa cha namna hii hutokea katika nyumba nyingi, Lushoto na kwingineko, hasa nyakati za likizo wazazi wa mjini warudipo kwao. Aghalabu kila upande hukifasiri vibaya. Bibi hudhani amechukiwa, mama hudhani ameaibishwa, na ndugu hudhani mtoto hakuzoezwa watu. Wachunguzi wa makuzi ya watoto wangesema kinyume chake. Kilio kile kilistahili kuandikwa daftarini, chini ya tabasamu la kwanza, maana nacho ni hatua ya kukua kwa akili.

Mtoto azaliwapo huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani takriban umbali uliopo kati ya titi na uso wa mama. Masikio yake, hata hivyo, yamekwisha kuwa kazini tangu tumboni. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, walionyesha kwamba mtoto asiyetimiza hata siku tatu hubadili mwendo wa kunyonya chuchu ya mpira ili asikilizishwe sauti ya mama yake badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Basi mtoto humtambua mama kwa sauti kabla hajaweza kumtambua barabara kwa sura.

Tabasamu za usingizini katika majuma ya kwanza hazimlengi mtu. Wazee husema mtoto anacheka na malaika, na kwa kuwa hakuna binadamu anayechekewa, usemi huo haukukosea sana. Baina ya juma la sita na la nane huja tabasamu la kweli, linalojibu uso au sauti ya mtu. Hata watoto waliozaliwa bila kuona hutabasamu wasikiapo sauti ya mzazi, jambo linaloonyesha kuwa tabasamu haliigwi bali hufunguka lenyewe ubongo ufikiapo kiwango fulani. Mtoto wa miezi mitatu huligawa bila choyo. Mama humpa zaidi, lakini mgeni naye hapati haba. Bibi alipotabasamiwa kule Dar es Salaam, kilichomfurahisha mtoto ni uso wa binadamu unaosema naye. Alikuwa bado hajui kwamba huyu ni bibi.

Mambo hubadilika mtoto akaribiapo mwezi wa nane. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliyewachunguza watoto wake mwenyewe watatu tangu wachanga, aliona kwamba ukikifunika kitu kwa kitambaa mbele ya mtoto mdogo zaidi, yeye hukaa kama kwamba kitu hicho hakipo tena duniani. Karibu na mwezi wa nane ndipo aanzapo kukifunua kitambaa na kukitafuta. Sasa ana picha kichwani ya kitu asichokiona. Mwenye uwezo huo anaweza pia kuishika sura ya mama yake akilini, kuilinganisha na sura iliyo mbele yake, na kugundua kuwa hazifanani. Huo ndio mwanzo wa kuogopa wageni. Kwa watoto wengi hofu hiyo huanza kati ya mwezi wa sita na wa nane, hupanda kuelekea mwisho wa mwaka wa kwanza, kisha hufifia katika mwaka wa pili. Mtoto huanza kuogopa wageni wakati uleule aanzapo kuwa na nguvu za kujisogeza mbali na mama yake. Kama asingekuwa na hofu, angemfuata yeyote.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika elimu hii. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Kampala na mumewe, aliyepata kazi Makerere, akaanza kuzitembelea familia 26 za vijiji vya Buganda vilivyo karibu na mji huo. Aliketi sebuleni pamoja na akina mama, kwa msaada wa mkalimani, na kuwaangalia watoto 28 wakikua. Aliona jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa kituo chake: huondoka, hukagua chumba, hugeuka kumtazama mama, huenda tena, na mgeni aingiapo hurejea mbio. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na mengi yaliyofundishwa baadaye katika vyuo vya Ulaya na Marekani juu ya mapenzi ya mtoto na mzazi yalichipuka katika sebule hizo za Buganda.

Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo bibi anaweza kufaidika upesi. Mtoto huogopa zaidi mgeni amjiaye kwa kasi, aliyesimama, mwenye sauti kubwa, anayenyosha mikono ili amnyakue. Huogopa kidogo zaidi akiwa mapajani mwa mama, na mgeni akiketi chini, akizungumza na mama kwanza, bila kumkodolea mtoto macho. Kijiko kilichowekwa mkekani kati yao huweza kufanya kazi ambayo mikono miwili iliyonyoshwa haikuiweza.

Baada ya kilio huja maswali, nayo huumiza zaidi. "Mbona hatambai? Wa jirani ana miezi saba na anatambaa." Mtoto wa kisa hiki hakuwa akitambaa bali akisota kwa makalio. Juu ya hili upo ushahidi mzuri. Shirika la Afya Duniani liliwafuata watoto 816 wenye afya katika nchi za Ghana, India, Norway, Omani na Marekani, na mwaka 2006 likatangaza matokeo. Kukaa bila kuegemea kulianza wakati wowote kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti kulianza kati ya miezi 5.2 na 13.5. Kusimama dede bila kushikilia kulianza kati ya miezi 6.9 na 16.9, na kutembea peke yake kati ya miezi 8.2 na 17.6. Tena takriban watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata kidogo, na bado walitembea. Basi watoto wawili wa nyumba mbili jirani waweza kupishana miezi tisa katika kutembea, na wote wawili wakawa wazima.

Isidhaniwe kwamba yote hutoka ndani ya mwili wenyewe. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Charles Super alichunguza watoto wa Kipsigis katika kijiji cha Kokwet, magharibi mwa Kenya. Waliweza kukaa, kusimama na kutembea takriban mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Kabla yake baadhi ya wataalamu walisema kuwa Mwafrika huzaliwa hivyo. Super aliwauliza wazazi, akaelezwa kwamba wanafundisha. Walichimba shimo dogo ardhini, wakamkalisha mtoto humo na kumtegemeza kwa mablanketi, na mazoezi ya kutembea yalikuwa na wakati wake. Lakini katika kutambaa, ambako hawakukufundisha, watoto wao hawakuwatangulia wengine. Walioitafuta sababu katika rangi ya ngozi wangeiona mapema zaidi kama wangewauliza akina mama.

Mwisho kabisa mtoto hufunguliwa kinywa, na hapa shughuli ya ukaguzi inaweza kuacha kuwa mzaha. Kwa kawaida meno ya mbele ya chini ndiyo hutangulia, karibu na mwezi wa sita, ingawa wengine huchelewa hata kupita mwaka. Akitanguliza ya juu, wazee wa pwani humwita kigego, na zamani mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi. Katika baadhi ya jamii aliweza hata kuuawa. Mpangilio wa kuota meno hauna uhusiano na bahati ya ukoo. Huo ni utofauti tu wa maumbile.

Hatari iliyo hai zaidi ni ile ya "meno ya plastiki". Tangu miaka ya 1980 imeenea nchini imani kwamba uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto mwenye homa au kuhara ni jino bovu linalomuua, na kwamba lazima ling'olewe. Kinachong'olewa ni chipukizi la chonge, lililo mahali pake halali. Kwa kuwa kazi hii hufanywa kwa vyombo visivyochemshwa, mtoto huweza kutoka damu nyingi, kuambukizwa pepopunda au virusi vya UKIMWI, na hata kufa. Wakati huohuo kuhara kwenyewe, kulikohitaji maji ya chumvi na sukari yatolewayo zahanati, kumeachwa bila tiba. Mama aliye ugenini, mbele ya wakwe, huona vigumu kusema hapana. Katika jambo hili na aseme, tena mapema, na mumewe aseme pamoja naye.

Inashangaza kwamba macho yanayokagua kutambaa na meno mara nyingi hupita dalili zinazohitaji daktari. Mtoto asiyetabasamia mtu akiwa na miezi mitatu, asiyeweza kushika kichwa akiwa na minne, asiyekaa mwenyewe akiwa na miezi tisa, au asiyetembea akiwa na miezi kumi na minane, apelekwe kliniki. Vivyo hivyo anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka: ndugu humsifu kuwa ana mkono wa nguvu, kumbe huenda ule mwingine umedhoofika. Mtoto kiziwi naye hutoa sauti za kitoto katika miezi ya mwanzo, na hivyo wazazi hudanganyika. Aliyepoteza uwezo aliokwisha kuupata asisubiri hata juma moja. Kwa aliyezaliwa kabla ya wakati, umri wa hatua hizi uhesabiwe tangu siku aliyotazamiwa kuzaliwa.

Liko jambo moja ambalo bibi wa Lushoto alikuwa nalo, na daftari la mama halikuwa nalo. Alisema na mjukuu Kisambaa. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha, huko Kanada, kwamba watoto wa miezi sita hadi minane waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuzisikia tofauti yake. Walipofikia miezi kumi hadi kumi na miwili, wengi hawakuweza tena. Sikio la mtoto hujifunga polepole kwa lugha asizozisikia. Kisambaa hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na Kiswahili hakifanyi hivyo. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle waliwakutanisha watoto wa Kimarekani wa miezi tisa na wasemaji wa Kichina kwa vikao 12. Waliokutana na mtu mwenyewe walizishika sauti za Kichina. Waliotazama mtu yuleyule katika filamu, au kusikia sauti yake tu katika kanda, hawakupata kitu.

Siku mbili za kwanza bibi hakumshika mtoto. Aliketi mkekani akichambua maharage na kusema na mama, na kila mara neno moja la Kisambaa lilimwangukia mtoto pembeni. Siku ya tatu, baada ya chai, mtoto alisota hadi kwenye ungo, akachota maharage, akayamwaga, akamtazama mama yake, kisha akainua mikono yake kwa bibi. Shangazi aliuliza tena kama bado hatambai, lakini bibi alikuwa amekwisha kumchukua na kwenda naye kumwonyesha kuku.