Historia ya Kanisa Katika Mji Unaokua: Daftari na Hati Zisipotee

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 58,167 katika mji wa Kitengela. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2019 ilihesabu 154,436. Katika kipindi hicho hicho, idadi ya wakazi wa Kaunti ya Kajiado ilipanda kutoka 687,312 hadi 1,117,840. Maana yake ni kwamba wakazi wengi wa Kitengela ya leo hawakuwapo shule, masoko na makanisa ya kwanza ya mji yalipoanza, na wazee wanaokumbuka siku hizo wanazidi kupungua.

Makala haya yanaeleza jinsi historia ya parishi ya mjini inavyoweza kufuatiliwa, kwa kutumia mfano wa Kanisa Anglikana. Yanaeleza pia kwa nini karatasi za zamani za parishi ni kinga ya mali ya waumini na haki za familia.

Jina limebadilika, kanisa ni lile lile

Anayetafuta karatasi za zamani za Kianglikana Kajiado hukutana na majina tofauti, akadhani ni makanisa tofauti. Sivyo. Mwaka 1960 Waanglikana wa Kenya na wa nchi ya Tanganyika waliwekwa katika jimbo moja la Afrika Mashariki. Mwaka 1970 Kenya ikawa jimbo linalojitegemea, na Festo Olang' akawa askofu mkuu wake wa kwanza. Kanisa likajulikana kwa herufi CPK. Jina la sasa, Kanisa Anglikana la Kenya, au ACK, lilianza kutumika mwaka 1998.

Dayosisi nayo imebadilika. Dayosisi ya Kajiado ilianzishwa mwaka 1993, na askofu wake wa kwanza alikuwa Jeremiah Taama. Kabla ya hapo, Waanglikana wa Kajiado walikuwa chini ya Dayosisi ya Nairobi. Kwa hivyo cheti cha ubatizo au barua ya kiwanja ya miaka ya 1980 huenda ina maneno "CPK" na "Dayosisi ya Nairobi". Karatasi hiyo isitupwe kwa kudhaniwa kuwa ya kanisa jingine.

Kutoka ranchi hadi ploti

Kitengela ilikuwa malisho ya Wamaasai, na kituo chake cha biashara kilijulikana kama Noonkopir, jina linalotumika hadi leo. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu jamii kusajili ardhi yao kama ranchi za vikundi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata sehemu yake. Karibu wakati huo huo, mwaka 1990, mpango wa maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje ulianza nchini, na Athi River, jirani yetu, ikapata viwanda hivyo. Wafanyakazi walihitaji nyumba. Wenye ardhi wakakata mashamba kuwa ploti na kuuza.

Hapo ndipo makanisa mengi ya mjini huzaliwa. Kwa kawaida waumini wachache huanza kusali sebuleni kwa mmoja wao au katika darasa la shule. Wakiongezeka, hununua ploti au kupewa na mhisani, wakajenga kanisa la mabati, kisha la mawe. Kanisa dogo likiweza kumtunza kasisi wake na kubeba gharama zake, dayosisi huweza kulifanya parishi kamili.

Tatizo hujificha kwenye hatua ya ploti. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, uuzaji wa ardhi ya kilimo unahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na ombi hupaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Kanisa lililolipa pesa yote lakini likabaki na karatasi ya makubaliano pekee bado halina hatimiliki. Vivyo hivyo kwa ploti iliyotolewa kwa mdomo. Mhisani akifariki, warithi wake huenda hawajui ahadi hiyo, na bei ya ardhi imeshapanda mara nyingi. Ardhi ya kanisa inapaswa kusajiliwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa kisheria, si kwa jina la kasisi au mzee mmoja wa kanisa.

Daftari zinasema nini

Parishi ya Kianglikana huweka daftari za ubatizo, kipaimara, ndoa na ibada. Daftari la ubatizo huonyesha jina la mtoto, wazazi, wasimamizi, tarehe na aliyebatiza. Kwa familia iliyohamia Kitengela kutoka mbali, huenda huo ndio ushahidi wa zamani zaidi wa kuishi kwao hapa. Daftari la ndoa lina uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, anayefungisha ndoa ya Kikristo lazima awe na leseni, na ndoa lazima isajiliwe. Mjane anayefuatilia urithi au pensheni huweza kuhitaji kumbukumbu hiyo miaka mingi baada ya harusi.

Daftari la ibada huandika waliohudhuria na sadaka ya kila Jumapili. Likisomwa mwaka hadi mwaka, huonyesha mji ulivyojaa kabla hata ya sensa kufika.

Yanayoweza kufanywa sasa

• Parishi ikague hatimiliki yake na kuomba taarifa rasmi kutoka ofisi ya usajili wa ardhi, ili ijue ploti imesajiliwa kwa jina la nani.

• Kabla ya kujenga au kubadilisha matumizi ya ardhi, iombe idhini ya kaunti, kama inavyotakiwa na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019.

• Daftari zote zipigwe picha, na nakala zihifadhiwe mahali tofauti na kanisa. Moto, mchwa na mafuriko havichagui.

• Waumini wa kwanza waulizwe na kurekodiwa: nani alitoa ploti, nani alishuhudia, ibada ya kwanza ilifanyika wapi. Majina na tarehe ziandikwe siku hiyo hiyo.

• Picha za zamani ziandikwe nyuma kwa penseli, zikitaja watu na mahali.

Hatua hizi zinafaa kwa kanisa lolote, msikiti au shule ya jamii. Shahidi aliyekuwepo ploti ikitolewa anaweza kuthibitisha leo kwa maandishi na sahihi. Akishaondoka, jamii itabaki kubishana na warithi bila karatasi mkononi.